Je, Kufunika Ndiyo Kutunza?

Mtu akikipenda kitu, akakifunika vizuri, akakifungia mlango kwa kufuli, kisha kitu hicho kikaoza humo humo ndani, je, mtu huyo amekitunza au amekiua? Swali hili lilizuka kijiweni kwetu jioni moja, na mpaka watu wanatawanyika hakukuwa na mshindi. Wengine walisema upendo ni nia, kwa hiyo aliyefunika kwa nia njema hana lawama. Wengine wakasema nia bila kazi ni maneno matupu. Mimi nilinyamaza. Si kwamba nilikosa la kusema, bali ushahidi niliokuwa nao ni mrefu mno kwa mazungumzo ya kijiweni. Ushahidi wenyewe ni pikipiki. Na msomaji mwenzangu usinicheke, maana pikipiki nimeichagua makusudi. Binadamu ukimfungia ndani anaweza akakuchekea na kukuficha machungu yake, lakini mashine haina adabu hiyo. Ikiharibika inaharibika hadharani, na kila uharibifu una sababu ambayo unaweza kuigusa kwa kidole.

Pikipiki hiyo ni Honda CG125. Ilikuwa mali ya babu yangu mzaa baba, aliyekuwa bwana shamba mkoani Morogoro. Alizunguka nayo vijijini akifundisha watu nafasi za kupandia mahindi na namna ya kukinga mbegu na wadudu. Mwaka 2005 macho yalianza kumsumbua, akaiegesha. Mwaka uliofuata akafariki. Bibi akaifunika kwa turubai, juu ya turubai akatandika kanga yake ya zamani, akafunga mlango wa stoo, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga aliyovaa. Amri ikawa moja tu: isiguswe.

Kwa miaka 18 familia yetu ikagawanyika pande tatu. Upande wa kwanza ni bibi, ambaye kwake kuigusa pikipiki ile ni kumgusa marehemu. Upande wa pili ni baba mdogo, aliyekuwa akisema, "Chuma hakina roho, bwana," akitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na fedha zikajengee kaburi. Upande wa tatu ni wajukuu, waliotaka iwashwe, na wengi wao walitaka tu kuonekana juu yake mtaani. Ajabu ni kwamba kila upande uliapa kuwa ndio unaomheshimu mzee. Watu wabaya wakigombana na wazuri, hapo hakuna swali gumu. Swali linakuwa gumu pale watu watatu wanaompenda marehemu yule yule wanapotaka mambo matatu yasiyoweza kukaa pamoja.

Kabla sijaendelea, nieleze ukoo wa mashine hii kidogo, kwa sababu una maana katika hoja yangu. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976. Injini yake ni ya silinda moja, ujazo wa sentimita za ujazo 124, na valvu zake husukumwa na fimbo ndefu zinazopanda kutoka chini. Mtindo huo ulishaanza kuonekana wa kizamani hata wakati ule, maana nyingi za rika lake zilikuwa na kamshafti juu kichwani. Honda walirudi nyuma kwa hiari yao. Walitaka pikipiki ya nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa, vumbi ni jingi na fundi yuko mbali. Hata cheni ya gurudumu la nyuma waliizungushia kasha zima ili mchanga usiifikie. Yaani ni mashine iliyotengenezwa ikitarajiwa kuteswa. Iliandaliwa kuvumilia karibu kila shida ya kazi, isipokuwa moja: kukosa kazi.

Masika ya mwaka 2024 paa la stoo lilivuja. Aliyefungua mlango ni bibi mwenyewe, akitafuta pa kuweka ndoo. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumsalimia. Akaniita. Maji mekundu yalikuwa yametambaa sakafuni kutoka chini ya turubai. "Mume wangu," akaniambia kwa utani wake wa kila siku, ila uso haukuwa wa utani, "hii damu inatoka wapi?" Nikamwambia ni kutu, bibi. Akaitazama muda mrefu, kisha akafundua ufunguo kwenye pindo na kunipa. Hoja zetu za miaka yote hazikumtikisa. Kilichomtikisa ni kile alichokiona kwa macho yake.

Tulimwita fundi mmoja mzee, ambaye amezishika pikipiki za aina hii tangu ujana wake. Hakushika spana siku hiyo. Alishika tochi. Akazunguka nayo taratibu, na kila alipomulika pakawa na somo.

Akaanza na tangi. Watu hudhani chombo kikiwekwa pembeni kimepumzika. Tangi la chuma halipumziki. Petroli ilikuwa nusu, na juu yake hewa. Usiku wa Morogoro, chini ya milima ile ya Uluguru, hewa ikipoa hutoa jasho, na jasho hilo hushika chuma kisicho na rangi kwa ndani. Siku moja si kitu. Lakini zidisha kwa miaka 19. Petroli yenyewe nayo ilikuwa imepoteza sehemu yake nyepesi, ile inayoruka haraka na kuwaka haraka, ikabaki uji wa kahawia unaonuka kama vanishi. Uji huo ulishateremka kwenye kabureta na kukaukia ndani ya vijitundu vyake, ambavyo vingine ni vyembamba kuliko ncha ya pini.

Akashuka kwenye injini. Akakanyaga kiki kwa mkono, polepole. Haikushuka. Ringi za pistoni zilikuwa zimeshikana na ukuta wa silinda. Kwenye eksozi nyigu walishajenga, na panya walishahamia ndani ya siti. Tairi la mbele lilikuwa na alama ya tarakimu tatu ubavuni, na fundi akatueleza kwamba tangu mwaka 2000 alama hiyo huwa na tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kwa hiyo mpira ule ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Kwa mbali ulionekana mzima, una vijino vyote. Fundi alipoukunja kidogo ukafunguka nyufa kama nyayo za mtu aliyekaa shamba kiangazi kizima.

Kisha akafungua kasha la cheni. Cheni ilikuwa nzima! Nyeusi, laini, inacheza. Babu aliipaka grisi nzito kabla hajaegesha, na kasha likailinda grisi hiyo isiliwe na vumbi. Hapo ndipo nilipoona kwamba ubishi wetu wa kijiweni uliulizwa vibaya. Cheni ilifunikwa na tangi likafunikwa, chini ya turubai moja, kwa miaka ile ile. Kimoja kimepona na kingine kimeoza. Basi tatizo haliwezi kuwa kule kufunikwa. Tofauti ni kwamba kwenye cheni mkono wa mtu ulifanya kazi kwanza, kifuniko kikafuata. Kwenye tangi kifuniko kilikuja mahali pa kazi. Kufunika baada ya kazi ni kutunza. Kufunika badala ya kazi ni kutelekeza, hata kama turubai ni jipya na kanga ya juu yake ni ya mapenzi.

Msomaji ataniuliza: je, bibi ana hatia? Sithubutu kusema hivyo, na si kwa sababu ni bibi yangu. Kuilaza pikipiki vizuri ni kazi ya saa chache tu: kumwaga petroli ya kabureta, kujaza tangi mpaka juu ili hewa isipate nafasi, kubadilisha oili, kudondosha kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, kutoa betri, kunyanyua magurudumu yasiguse sakafu, na mara moja moja kuizungusha injini ili pistoni isilale mahali pamoja. Nani alimfundisha bibi hayo? Hakuna. Baba zangu waliyajua, lakini kwao amri ya kutogusa ikawa pia ruhusa ya kutojisumbua. Kwa hiyo naona hivi: nia njema humwondolea mtu hatia, lakini haimwondolei deni. Pikipiki haikujua nia ya mtu yeyote. Ilijua unyevu. Na sisi tuliosimama pembeni tukisema "tunamheshimu bibi" tulikuwa na deni kubwa kuliko lake, maana yeye alikuwa na msiba, na msiba ni mzigo. Sisi tulikuwa na nini?

Kuna jambo la pili, nalo ni tofauti ya kuwaka na kupona.

Baba mdogo, alipoona mlango umefunguliwa, alibadilika ghafla. Sasa alitaka isikike siku hiyo hiyo. "Tia petroli mpya, tuisukume mteremkoni, itawaka tu." Fundi akamjibu kwa upole, "Mwanangu, unataka pikipiki au unataka mlio?" Kisha akaeleza. Ukiisukuma pikipiki ambayo ringi zimeshika, gurudumu litalazimisha, na kitakachokubali ni kile dhaifu zaidi: ringi itavunjika, au ukuta wa silinda utachanwa mistari. Oili ya zamani haijapanda juu, kwa hiyo vyuma vitasagana vikavu. Uji wa tangi utashuka kwenye kabureta safi. Utapata mlio wa dakika tatu kwa gharama ya injini. Nikafikiri, ni mara ngapi tunafanya hivi kwa watu? Mtu katoka hospitali, tunataka acheke. Ndugu wawili wamegombana miaka kumi, tunataka washikane mikono mbele ya wageni tupige picha. Haraka ya kusikia mlio ni haja yetu wenyewe, haimsaidii mgonjwa.

Fundi alianza na breki, kitu kilichowashangaza vijana wote. Akafungua ngoma za magurudumu, akatoa viatu vya breki vilivyokauka na kung'aa kama kioo, akaweka vipya. "Usiamshe kitu ambacho huwezi kukisimamisha," akasema, akaendelea na kazi. Plagi akaitoa, akamimina oili nyepesi kidogo kwenye tundu, akaziba kwa kitambaa safi na kuaga. Tukasubiri siku mbili. Siku ya tatu aliweka gia ya juu kabisa, akalishika gurudumu la nyuma na kulitikisa mbele na nyuma, kidogo kidogo. Hakulazimisha. Jioni pistoni ikasogea upana wa kidole, kesho yake ikazunguka mzunguko mzima.

Tangi lililazwa na siki usiku mbili, ndani yake kipande cha cheni chakavu cha kukwangua, likasukasukwa mpaka mikono ikauma. Likasuuzwa kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, likakaushwa juani na kutiwa petroli mara moja, kwa kuwa chuma kilichovuliwa kutu huota nyingine upesi. Oili ya injini ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yalishaingia. Akatia mpya, karibu lita moja, na kutuonya kwamba hiyo nayo itamwagwa baada ya safari chache, maana kazi yake ni kuosha. Pointi za umeme alizipitisha msasa laini, akazipima uwazi wa milimita 0.3 hadi 0.4. Alipogusisha plagi kwenye kichwa cha silinda na kupiga kiki, cheche ikaruka, ya bluu. Majirani waliokuwa wakitucheka wakasogea.

Ikawaka kwa kiki ya saba. Moshi mweupe ulijaa uani, wa ile oili ya kwenye silinda. Watu wakashangilia. Baba mdogo akarusha mguu apande. Fundi akazima. "Imewaka, haijapona," akasema. Na kweli, ilikuwa inakubali choki ikiwa imevutwa tu. Ukirudisha choki, inakohoa na kufa. Maana yake ni kwamba kijitundu cha mafuta ya silensa, ambacho ndicho chembamba kuliko vyote, bado kimeziba nusu, na injini inaishi kwa mafuta ya ziada ya choki. Kuna mafundi ambao hapo wangekuambia, "Iendeshe hivyo hivyo, itajisafisha." Wengine wangeiuza siku hiyo hiyo, ikinguruma, kwa mtu asiyejua. Mzee alikivua kijitundu mara ya pili, akakisafisha kwa unywele mmoja wa brashi ya nailoni. Sindano ya chuma aliikataa, kwa sababu tundu likishapanuliwa halirudi. Mwisho akaseti tapeti, milimita 0.08, wembamba unaokaribia unywele. Zikibana mno valvu haifungi sawasawa na huungua, zikilegea mno hugonga kelele na kulika. Siku ile ya mwisho pikipiki ilisimama uani bila choki, ikipumua taratibu, na unaweza kuweka kikombe cha maji juu ya siti usione kikimwagika.

Wakati wa kubadilisha spea ndipo bibi alipouliza swali ambalo hakuna mtu kijiweni angeliuliza vizuri zaidi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akitazama vitu vinavyotoka: tairi, tyubu, kebo, plagi, viatu vya breki, betri, gasketi. Akasema, "Mkimaliza kubadilisha, mume wangu atabaki wapi?"

Swali hili ni kongwe. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi karne ya kwanza na kuingia ya pili, alieleza kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kuweka nyingine imara, mpaka wanafalsafa wakabishana kama bado ni merikebu ile ile. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akaliongezea chumvi: je, kama mtu aliziokota mbao zote zilizotolewa akaunda merikebu nyingine, ipi kati ya hizo mbili ni ya Theseus? Bibi yangu hajamsoma Hobbes, lakini alikuwa na kikapu. Kila spea iliyotolewa aliiokota, akaipangusa na kuiweka humo. Kwa hiyo uani kwetu kulikuwa na pikipiki inayonguruma na kikapu cha spea zilizokufa, na swali la karne ya 17 limekaa katikati.

Jibu langu ni hili. Kama pikipiki ya babu ni chuma kile kile alichokigusa, basi babu mwenyewe alikuwa ameshaiua zamani, maana enzi zake alibadilisha tairi, cheni na plagi mara nyingi tu. Hakuna aliyemwambia, "Mzee, hii siyo tena pikipiki yako." Ilikuwa yake kwa sababu iliendelea na kazi ile ile, chini ya uangalizi usiokatika. Kilichoharibu mwendelezo ule ni ile miaka 19 ya kusimama, kuliko spea yoyote mpya. Tena tazama kichekesho hiki: spea nyingi tulizipata kwenye maduka ya bodaboda. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu tangu miaka ya 2000 zina injini ya ukoo huu huu wa CG. Mzee alitibiwa kwa damu ya wajukuu. Pointi peke yake hazikupatikana, kwa kuwa hizi mpya hutumia umeme usiohitaji pointi, ndiyo maana zile za babu zilisafishwa na zipo mpaka leo.

Lakini sisemi chuma si kitu. Raba ya kukanyagia ya kushoto imelika upande mmoja, kwa namna mguu wa babu ulivyokuwa ukikaa. Tangi lina bonde dogo upande wa kulia, la siku aliyoanguka nayo kwenye utelezi. Fundi aliuliza kama anyooshe bonde na kuweka raba mpya. Wajukuu wakasema ndiyo, bibi akasema hapana, na bibi alikuwa sahihi. Raba ile inashika mguu bado, na bonde halivujishi. Kinachozuia kazi kibadilishwe, kisichozuia kazi kiachwe kisimulie. Na kilichobadilishwa kisemwe. Tuliandika kila kitu kwenye daftari, tarehe na spea, ili anayekuja nyuma yetu asidanganywe akidhani kila chuma hapo ni cha 1980. Kurejesha kitu ni halali. Kurejesha na kuficha kwamba umerejesha ni uongo.

Sasa nimpe nafasi anayenipinga, maana ana hoja. Atasema: kuna vitu ambavyo heshima yake ni kutotumiwa. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Pirsig alitoa kitabu kiitwacho Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, habari ya baba na mwanawe wanaosafiri kwa pikipiki huku baba akiwaza maana ya ubora. (Wenzangu wenye miswada inayorudishwa na wachapishaji wajipe moyo: kitabu hicho kilikataliwa mara 121.) Pikipiki aliyoiendesha Pirsig, Honda Super Hawk ya 1966, leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani mjini Washington. Haiendi popote. Je, nayo imetelekezwa?

Hapana, na hiyo haivunji hoja yangu, inaipanga. Makumbusho imeipa pikipiki ile kazi mpya, kazi ya kuonwa, na imeajiri watu wa kuitunza kwa ajili ya kazi hiyo. Stoo ya mkaa si makumbusho. Ndani ya stoo yetu hakuna aliyeiona, hakuna aliyeikagua, hakuna aliyejifunza kitu kwake. Kama tungeitoa sebuleni, tukaifuta kila wiki na kuwasimulia watoto safari za babu, ningenyamaza kabisa. Kila kitu kilichowekwa lazima kiweze kujibu swali hili: kazi yako sasa ni ipi, na nani anaifanya pamoja nawe?

Atasema tena: kinachotumika huisha, na siku moja pikipiki itagongwa. Kweli. Tofauti ni kwamba ikiishia barabarani itakuwa imebeba mahindi. Ikiishia stoo itakuwa imebeba turubai.

Pingamizi la tatu ndilo zito kwangu: msiba wa bibi. Nani ametupa ruhusa ya kumpangia mtu muda wa kulia? Hakuna. Ndiyo maana naamini tungefanya kosa kubwa kama tungevunja kufuli siku alipokwenda shamba, jambo ambalo vijana fulani walilipendekeza. Mali ile haikuwa yetu. Kadi ilikuwa na jina la marehemu, na mirathi haikuwahi kushughulikiwa. Ilibidi bibi athibitishwe mahakamani kuwa msimamizi ndipo kadi ibadilishwe na bima ikatwe, na mpaka hapo haikutoka nje ya ua. Kumlazimisha mjane kwa jina la "kutunza" ni kubadilisha turubai moja kwa jingine. Hata hivyo, kumwacha peke yake na ufunguo si heshima pia. Desturi zetu za msiba hazimwachi mtu hivyo. Eda ina miezi minne na siku kumi, kisha ina mwisho, na watu huja kumtoa mjane nje. Tungeweza kumwambia bibi, mapema, kwa upole, kila mwaka: "Bibi, turuhusu tuizungushe injini tu, kisha tutaifunika tena." Ombi dogo. Hakuna aliyelitoa, kwa kuwa kila upande ulitaka ushindi mzima.

Leo pikipiki inakwenda shambani kila Jumamosi na kurudi na magunia. Anayeiendesha ni baba mdogo, yule yule wa chuma hakina roho, na anamgombeza kila anayeiegesha juani. Kikapu cha spea bado kipo chini ya kitanda cha bibi. Hatukumwomba akitupe. Kile kina kazi yake.

Nasi wa kalamu tusijifanye hili ni la watu wa gereji. Nawajua washikaji watatu wenye riwaya ndani ya mabegi, zimefungwa kwa nailoni zisilowe. Ukiwaomba usome, wanasema bado, wanaihifadhi. Mwandiko haushiki kutu, lakini mwandishi anashika. Lugha ya mwaka ule inakauka kwenye vijitundu, na siku ukija kuipiga kiki unakuta imekamata. Hapo pia fundi wetu angesema usilazimishe. Dondosha oili, subiri, tikisa kidogo kidogo. Lakini kwanza toa turubai.

Hayo ndiyo yangu. Anayeona kwamba kufunika kwa mapenzi kunatosha na aandike, tumsome. Ila asiandike akaweka kabatini.